Habari ya Uvimbe wa Mgongo na Kazi ya Kisu cha Daktari



Katika nchi yetu ya Korogwe na Handeni maumivu ya mgongo si habari mpya. Mama atwekaye ndoo ya maji huumwa mgongo. Mkulima ainamaye na jembe tangu alfajiri huumwa mgongo. Na wakataji wa mkonge, ambao baba zao na babu zao waliifanya kazi ile ile, wanaujua mgongo kuliko sisi tushikao chaki. Kwa hiyo mtu akisema, “Mgongo waniuma,” watu wa nyumbani humjibu, “Pole, pumzika, kesho utaamka mzima.” Na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Walakini iko namna moja ya maumivu ya mgongo isiyoletwa na kazi, wala haiondoki kwa kupumzika. Habari yake ndiyo nitakayo kuwaandikia mwezi huu, kwa sababu ilitufikia katika jamaa yetu hapa Korogwe ya Zamani, nasi twalijifunza kwayo jambo ambalo ni vema kila nyumba ilijue mapema.

Masika ya mwaka 2018 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alianza kuumwa mgongo chini ya mabega. Alikuwa na umri wa miaka 26, mwenye mtoto mmoja, mwenye nguvu. Maumivu hayo yalikuwa na desturi ngeni: mchana alipofanya kazi yalipungua, na usiku alipolala yalizidi, hata akaamka na kuketi kitandani akingoja kupambazuke. Katika zahanati moja alipewa vidonge mara tatu, akaambiwa kwamba ni kazi nyingi. Majirani nao walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema ni jini, mwingine akasema kuna mtu aliyemtupia kitu, na jina la huyo mtu likaanza kunong’onwa. Hivyo ugonjwa wa mmoja ulikuwa karibu kuleta uadui katika nyumba tatu.

Kupita miezi mitano, dada yangu aliona jambo dogo. Binti yake alikuwa akitoka uani, na kandambili ya mguu wa kushoto ikamtoka, naye akaendelea kwenda pasipo kujua ya kuwa mguu u mtupu. Juma lile lile akaanza kujikwaa penye ardhi sawa. Hapo ndipo tulipompeleka hospitalini. Daktari alimchoma kidogo vidole vya miguu kwa ncha ya pini, akamwamuru asukume mkono wake kwa wayo, akamwuliza habari ya mkojo. Kisha ikapigwa picha ya mionzi, na baadaye picha ya ile mashine kubwa ya sumaku iitwayo MRI. Pingili ya tisa ya kifua ilikuwa imebonyea kama kopo lililokanyagwa.

Ili tufahamu maana yake, yafaa tujue jinsi Mungu alivyoujenga mgongo wa mwanadamu. Pingili zake ni 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na 9 za chini ambazo kwa mtu mzima zimeungana. Nyuma ya kila pingili kuna tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji mmoja. Ndani ya mfereji hupita ugwe wa mgongo, unene wake kama kidole, utokao katika ubongo na kushuka hata mwanzo wa kiuno. Kwa ugwe huo amri za ubongo huenda miguuni, na habari za miguu hurudi katika ubongo. Na kwa ugwe huo mtu huzuia mkojo na choo. Basi mfupa ni ukuta wa nyumba, na ugwe ndiye mwenye nyumba. Uvimbe ukiota ndani ya pingili, hufanya madhara mawili: huula ukuta hata ukadhoofika na kubonyea, kisha humbana mwenye nyumba.

Mara nyingi uvimbe wa mifupa ya mgongo ni saratani iliyotoka mahali pengine, kama titi, tezi dume, au mapafu. Uvimbe ulioanza wenyewe katika pingili ni nadra sana, na huo nao una namna nyingi. Iko namna ya mishipa ya damu, ambayo watu wengi wanayo mgongoni maisha yao yote isiwadhuru, ila kwa wachache tu. Iko namna ya saratani ya mfupa wenyewe. Na iko namna iitwayo uvimbe wa seli kubwa, kwa kuwa ukitazamwa kwa darubini huonekana ndani yake seli kubwa zenye viini vingi, zilazo mfupa. Huu huwapata zaidi vijana wa miaka 20 hata 40. Kwa kawaida hauenei mwilini kama saratani, lakini hula mfupa bila huruma, na ukiondolewa nusu nusu hurudi. Huo ndio uliokuwa katika mgongo wa mpwa wangu.

Lakini hatukuambiwa hayo siku ya kwanza. Daktari alisema, “Katika nchi hii, pingili ikibonyea hivi, kwanza twafikiri kifua kikuu.” Maana kifua kikuu hakikai mapafuni tu, huingia hata katika mgongo na kuleta kibyongo. Ugonjwa huo ulielezwa na Percivall Pott wa London mwaka 1779, zaidi ya miaka mia kabla ya Robert Koch kukigundua kidudu chake mwaka 1882. Mara nyingi kifua kikuu huila ile sahani laini iliyo kati ya pingili mbili, na pingili za pande zote mbili pamoja nayo. Bali uvimbe mara nyingi hula pingili na kuiacha ile sahani. Hata hivyo picha peke yake haitoshi. Walimchoma kwa sindano ndefu wakatoa kipande kidogo, kikatazamwa kwa darubini.

Mtu asidharau kazi hiyo ya kupima, wala asilalamike kwamba ni kupoteza siku, kwani si kila ugonjwa wa mgongo hutaka kisu. Kifua kikuu cha mgongo kwa wengi hupona kwa dawa zinywewazo kwa miezi mingi. Tena mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mwairishi na Mkristo mwenye bidii, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago huko Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya katika watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili walisafiri kwa gari yapata maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali mahali ambapo ugonjwa huo waonekana, nao wakaona kwamba hukaa katika nchi za joto. Katika baadhi ya watoto hao uvimbe huubana ugwe wa mgongo, na miguu hulegea. Uvimbe huo hasa hutibiwa kwa dawa, na wengi hupona. Basi akatae mtu kupimwa, aende moja kwa moja kwa kisu au kwa dawa ya kubahatisha, atakuwa kama mwashi apigaye ukuta pasipo kujua kwamba kinachoula ni mchwa au ni maji.

Jibu lilipokuja, jamaa walikutana nyumbani kwa shemeji yangu, baba wa binti. Daktari alikuwa ametueleza kwamba mgonjwa apelekwe Dar es Salaam, apasuliwe. Shemeji akasema, “Mgongo si mguu. Mtu akipasuliwa mgongo, harudi.” Dada yangu alisema tungoje hata mahindi yauzwe, fedha ipatikane kwa utaratibu. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema, alisema kwamba tukikimbilia kisu tutaonekana tumechoka kuomba. Nami naliwaambia maneno ya daktari kama nilivyoyasikia kwake: “Mzee, leo binti anasogeza vidole vya miguu. Juma lijalo sijui. Kisu huokoa kilichopo. Kilichokwisha kwenda, mara nyingi hakiwezi kukirudisha.”

Binti mwenyewe alikuwa amelala chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi. Akaniita, “Mjomba.” Nikaitika. Akasema, “Nimesikia yote. Mkinipeleka ningali natembea, nitarudi nikitembea, Mungu akipenda. Mkingoja, mtanibeba kwenda, na mtanibeba kurudi.”

Baada ya neno hilo hapakuwa na shauri tena. Shemeji aliuza ng’ombe, mimi nikatoa nilichokuwa nacho, na Wakristo wakafanya changizo Jumapili baada ya ibada. Kilichopungua tulikwenda kukisema kwa maofisa wa ustawi wa jamii walioko hospitalini, ambao kazi yao ni kuwasikiliza wasioweza kulipa. Nanyi msione haya kuwauliza. Siku ya tatu alilazwa chali juu ya godoro ndani ya gari, wakashika barabara ya Segera na Chalinze.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ya kisu, kwa kuwa hofu nyingi hutoka katika kutokujua. Kupasua mgongo kwa ajili ya uvimbe si jambo la jana. Tarehe 9 Juni 1887, huko London, Victor Horsley alifungua mgongo wa kapteni mmoja aliyekuwa ameumwa kwa miaka na kupooza miguu, akautoa uvimbe uliobana ugwe. Mionzi ya kupigia picha ilikuwa haijagunduliwa, maana iligunduliwa mwaka 1895. Tabibu William Gowers aliamua mahali pa kukata kwa dalili za mwili peke yake. Uvimbe ule ulikuwa nje ya mfupa, ndani ya mfereji, na yule kapteni alitembea tena. Wako wachache kama yeye waliorudishiwa miguu iliyokwisha kupooza. Lakini mwenye busara hajengi nyumba yake juu ya bahati ya wachache.

Uvimbe ulao mfupa una shida zaidi, kwani ukiutoa unaacha pengo, na mgongo hauna nguzo. Ndiyo sababu kazi ya siku hizi ina sehemu tatu. Kwanza mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, na daktari huondoa mfupa wa nyuma ili ugwe upate nafasi. Pili huondoa uvimbe, ama kwa kuukwangua, ama kwa kuitoa pingili nzima pamoja nao, kama Tomita na wenziwe wa Kanazawa, huko Japani, walivyoeleza mwaka 1994. Tatu hutia parafujo katika pingili za juu na za chini, na kuziunganisha kwa fito za chuma, na mahali pa pengo huweka mfupa au kitu kingine cha kushika uzito. Iko pia njia ndogo kwa pingili iliyodhoofika pasipo kubana ugwe: saruji ya kitabibu hupitishwa kwa sindano hata ndani ya mfupa, ikakauka humo. Jambo hilo lilifanywa kwanza mwaka 1984 na Galibert na Deramond huko Amiens, Ufaransa, kwa mwanamke mwenye uvimbe wa mishipa ya damu katika pingili ya pili ya shingo.

Katika Tanzania kazi ya kupasua mgongo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iitwayo MOI, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa upande wa kaskazini iko hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa. Na wale ambao uvimbe wao hutaka mionzi huweza kupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Basi mtu asiseme kwamba matibabu haya yako Ulaya tu.

Lakini nisiwadanganye. Daktari wa kweli hukueleza hatari kabla hujatia sahihi: damu huweza kutoka nyingi, kidonda huweza kuingia vijidudu, miguu huweza kuzidi kulegea, na wengine hufa. Na uvimbe wa seli kubwa huweza kurudi, hata mgonjwa yampasa apigwe picha mara kwa mara kwa miaka. Mpwa wangu alikaa chumba cha kupasulia tangu asubuhi hata alasiri. Siku ya pili alisogeza vidole vyake. Mwezi wa pili alisimama akishika vyuma viwili, na mwaka uliofuata, 2019, alitembea kwenda kanisani kwa mkongojo mmoja. Mguu wa kushoto u mzito hata leo, wala habebi ndoo. Lakini hupika, hushona, humwogesha mtoto wake, na huenda mwenyewe uani.

Katika wodi ile ile, kitanda cha karibu, alilazwa mwanamume mmoja mwenye ugonjwa ulio karibu sawa na wake. Watu wake walimpenda sana, na kwa upendo huo walimzungusha kwa waganga wa kienyeji kwa muda wa miezi miwili tangu miguu yake ilipopooza kabisa. Madaktari walimpasua. Maumivu yalimtoka, akaweza kuketi pasipo kulia, na hiyo nayo ni rehema kubwa. Miguu haikurudi. Naliwatazama wale wawili kila nilipokwenda kuwaona. Ugonjwa ulikaribiana, kisu kilikuwa kile kile. Iliyokuwa mbali ni siku.

Jambo hili halikuonekana katika wodi ile tu. Mwaka 2005 Patchell na wenziwe wa Marekani walitoa habari ya wagonjwa 101 ambao saratani ya mahali pengine ilikuwa imeingia mgongoni na kubana ugwe. Waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi, 84 katika kila 100 waliweza kutembea baada ya matibabu; waliopewa mionzi peke yake walikuwa 57 katika 100. Nao walipokuwa wakichagua wagonjwa, hawakumpokea mtu aliyekwisha kupooza kabisa kwa zaidi ya saa 48. Angalieni hesabu hiyo: saa 48. Sisi huzungumza kwa mavuno na kwa sikukuu, na ugwe wa mgongo huhesabu kwa saa.

Nirudi kwa neno la yule mzee wetu, kwa sababu liko katika mioyo ya wengi. Mnakumbuka katika Injili ya Mtakatifu Luka yule mwanamke aliyepindana mgongo miaka 18, asiweze kujinyosha. Bwana wetu alimponya siku ya sabato, na mkuu wa sinagogi akakasirika, akawaambia watu waje kuponywa katika siku nyingine za juma. Siku nyingine zilikuwapo, naye Bwana hakumngojesha hata moja. Na huyo Luka aliyetuandikia habari hiyo ndiye Mtakatifu Paulo amwitaye tabibu. Kuomba na kupeleka mgonjwa si njia mbili zinazoshindana. Tuliomba usiku kabla ya safari, tukaomba alipokuwa chini ya kisu, na twaomba hata sasa kila apigwapo picha.

Basi, akina baba na akina mama, na ninyi waalimu mnaowaona watoto kila siku, zishikeni dalili hizi. Maumivu ya mgongo yazidiyo usiku na yasiyopungua kwa kupumzika. Mgongo uanzao kutokeza kigongo. Homa au kukonda pamoja na maumivu. Mtu aliyewahi kuugua saratani, akaanza kuumwa mgongo: huyo apelekwe hospitalini mapema, apigwe picha. Lakini miguu ikilegea, au ikifa ganzi, au mkojo ukizuilika au ukitoka wenyewe, msingoje kesho. Mpelekeni siku ile ile, hata kama ni usiku. Msimkande, msimvute, wala msiruhusu mtu kumkanyaga mgongo. Mkumbuke wale watu wanne waliomchukua mwenye kupooza kwa Bwana Yesu katika kitanda chake: nanyi mchukueni mgonjwa wenu amelala chali juu ya ubao au godoro gumu, na mkimgeuza, mgeuzeni mzima kama gogo, kichwa na mabega na kiuno pamoja. Na akikaa kitandani siku nyingi, mgeuzeni kila saa mbili, asipate vidonda, maana vidonda vya kulala huweza kuua.

Na neno la mwisho: mwacheni mgonjwa asikie shauri linalofanywa juu yake, naye aseme. Mgongo ni wake.

Mungu awalinde nyumbani mwenu, na awape macho ya kuona mapema.

Wasalaam,
mimi mwalimu, ndugu yenu,
Korogwe ya Zamani.